Plasta Juu ya Jicho Zima

Mboni ya jicho langu la kulia si duara. Imevutika kuelekea chini, na kwenye kioo cha jicho pana kovu dogo jeupe ambalo usipokaribia hulioni. Watu wakikutana nami huanza kulitazama jicho hilo, wakahamia la kushoto, kisha wakarudi palepale huku wakijifanya wanasoma kalenda ukutani. Wenye adabu hunyamaza. Wengine hunipa pole. Pole ya nini? Naona. Hata hiyo kalenda unayojifanya kuisoma, naiona.

Nimechoka kueleza, kwa hiyo naandika mara moja yaishe. Tena siandiki habari zangu, naandika habari za mama yangu, maana kama si ubishi wake leo ningekuwa na jicho la bandia, na ndugu zangu wengi wangeona mambo yamekwisha vizuri.

Mama ni fundi viatu. Mtaani wanamwita Mama Soli, na jina hilo alilipata kabla hajanizaa mimi wala mtu mwingine. Pale kwenye baraza la maduka, mafundi viatu walipopanga visanduku vyao, alikuwa mwanamke pekee. Kazi alifundishwa na baba yake. Siku za mwanzo kuna bwana mmoja alimletea kiatu akamwambia, "Mpe mumeo anitengenezee." Mama alikipokea, akakishona, na yule bwana aliporudi akamkabidhi. "Mume wangu anakusalimia, anasema kimekaa sawa." Baba wakati huo alikuwa nchi nyingine kabisa na lori lake. Yule bwana akawa mteja wa kudumu, na hakuuliza tena habari za mume.

Silaha ya kazi ile ni msharasi, kile chuma chembamba chenye mpini wa mti ambacho fundi hutobolea ngozi ili uzi upite. Mama alikuwa akiupaka uzi nta, anatoboa, anavuta, na akifika mwisho analikandamiza fundo kwa ncha ya msharasi mpaka liingie ndani ya mshono. Mguu usilisikie, jicho lisilione. Fundo likibaki nje, alisema, hiyo ni kazi ya mtu mwenye haraka ya kwenda nyumbani.

Nilikuwa na miaka mitano, na shule ilikuwa haijafunguliwa. Nilikaa kwenye mkeka pembeni yake na ndala kuukuu ya kuchezea. Ilikuwa na fundo gumu. Mama aligeuka kumpa mteja kiatu chake, nami nikauchukua msharasi, nikauingiza chini ya fundo, nikavuta kuelekea usoni kwangu kwa nguvu zangu zote. Uzi ukakatika.

Maumivu hayakuwa makubwa kama watu wanavyodhani. Nilisikia kitu cha moto, kisha maji yakanitiririka shavuni, na upande wa kulia wa dunia ukaingia ukungu. Aliyepiga kelele ni yule mteja. Kufumba na kufumbua baraza zima lilikuwa limenizunguka, na kila mtu amekuwa daktari. Mmoja alileta maji anioshe. Mwingine alisema maziwa ndiyo dawa. Wa tatu alikuwa tayari amekunja leso anikandamize nayo. Mama alisimama mbele yangu akiwa bado ameshika nyundo.

"Atakayemgusa mtoto huyu, namgonga."

"Mama Soli, tunakusaidia!"

"Nisaidieni gari."

Baadaye nilimuuliza alijuaje kwamba jicho lililotoboka halioshwi wala halikandamizwi. Alinijibu kwamba hakujua lolote. Alikuwa na hofu, na hakutaka mikono mingine ije kuongeza hofu juu ya ile yake. Aliyejua alikuwa muuguzi wa zahanati tulikopelekwa kwanza. Yeye alikata kitako cha kikombe cha karatasi, akakifunika juu ya jicho bila kuligusa, akakibandika kwa plasta shavuni na kwenye paji la uso. Akanidunga sindano ya pepopunda. Halafu akamwambia mama nisile wala nisinywe kitu, maana nitalazwa usingizi kwa upasuaji, na nisilie sana.

"Asilie?" mama akasema. "Mwambie wewe."

Hospitali kubwa ilikuwa na ukumbi mrefu wenye mabenchi ya mbao na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Bibi, mama yake baba, alitukuta pale akiwa na flaski ya chai, na nyuma yake Baba Mkubwa, kaka yake baba, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo baba akiwa safarini. Hata baba akiwepo, msemaji alikuwa yeye. Bibi alinimiminia chai, mama akakitwaa kikombe akakimwaga kwenye sinki. Bibi akavuta mdomo. Nadhani ugomvi wao ulianzia hapo, ingawa wenyewe watakwambia ulianza siku ya harusi.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mtu asiyerudia maneno. Alinichunguza, akatoka, akawaeleza wote watatu. Kioo cha mbele cha jicho kimechanika. Ile nyama ya rangi iliyo nyuma yake imechungulia nje kwenye tundu. Atajaribu kuirudisha, ataushona mchaniko, kisha watasubiri.

"Ataona?" mama akauliza.

"Siwezi kukuahidi hilo. Naweza kukuahidi kwamba nitashona vizuri."

Baba Mkubwa akakohoa kile kikohozi chake cha kikao. "Daktari, nimesikia watu wakisema jicho bovu huweza kuliambukiza zima. Kweli, si kweli?"

"Hutokea, lakini ni mara chache sana. Mwili hukasirika ukalishambulia hata lile lingine. Tutamfuatilia kwa karibu, na dalili tunazijua."

"Basi, shemeji," Baba Mkubwa akamgeukia mama, "kwa nini tucheze na macho mawili kwa ajili ya moja? Litolewe leo, awekewe la bandia zuri, lenye kufanana na mwenzake. Huyu ni mtoto wa kike. Kesho na keshokutwa watu watamtazama."

Sitamwita mtu mbaya. Alikuwa anahofia, na hofu yake ilikuwa na sababu. Lakini mpaka leo nikikumbuka maneno yale damu inanichemka, kwa jinsi alivyolihesabu jicho langu kuwa kitu cha kutazamwa na watu, akasahau kwamba mwenyewe nilikuwa nalitumia kutazamia.

Mama alimpa kisogo. Alimwambia daktari neno moja tu, kama mteja anayeacha kiatu kwa fundi. "Shona."

Nilipozinduka nilikuwa nimefungwa kichwa, na mama amekaa pembeni ya kitanda akizungumza na daktari kwa sauti ya chini. Hawakuwa wanazungumza habari za Mungu wala za bahati. Walikuwa wanazungumza uzi.

"Mwembamba kiasi gani?"

"Unywele wako ni mnene zaidi. Tunashonea chini ya hadubini."

"Na fundo? Halimkwaruzi kope akifumba?"

Daktari akacheka kidogo. "Tunalizungusha mpaka linazama ndani. Ukilitafuta hulioni."

Mama aliinamisha kichwa. Alisema baadaye kwamba kusikia hivyo kulimtuliza kuliko dua zote alizoombewa siku ile. Mtu anayeficha fundo, alijua, hakuwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Jicho lilipona kwa nje, kisha ndani likaingiwa na mtoto wa jicho. Ile lenzi ilikuwa imeguswa na ncha ya msharasi, ikabadilika ikawa nyeupe kama maji ya mchele. Nikarudishwa kwenye chumba cha upasuaji, wakaitoa, wakaweka lenzi ya kutengenezwa. Nyuzi zikatolewa kidogo kidogo. Nikapewa miwani. Ndugu walifika kupongeza, Baba Mkubwa akiwa mstari wa mbele, na mama alidhani mlima ameumaliza. Daktari akamkalisha tena.

"Mama, mimi nimefanya nusu. Nusu nyingine ni yako, nayo ni ngumu kuliko yangu. Jicho la mtoto linajifunza kuona kama mguu unavyojifunza kutembea. Hili limekaa gizani muda mrefu, na ubongo umezoea kulitumia lile zima tu. Ukiachia hivyo, litakuwa jicho zuri lisilojua kazi, na akishakuwa mkubwa halifundishiki. Kwa hiyo kila siku, kwa saa nitakazokuandikia, utalifunga lile zima."

"Lile zima?"

"Zima. Hili lililoshonwa liachwe wazi, lihangaike."

Sasa niambie wewe mwenyewe, nani angeelewa? Mtoto ametoka kuumia jicho la kulia, na kila asubuhi mama yake anachukua plasta anaibandika jicho la kushoto, miwani juu yake, kisha anamwachia atembee kwa jicho linaloona ukungu. Nilijigonga kwenye meza. Nilimwaga maji. Nilimshika paka nikidhani ni kikapu, au nilikiita kikapu nikidhani ni paka, Bibi husimulia vyote viwili. Majirani walisimama mlangoni wameshika viuno. Mmoja alisema moyo wa Mama Soli nao umeshonwa kwa uzi wa soli. Mama alisikia, akaendelea kunibandika.

Mchana alikuwa kazini, mimi nikabaki kwa Bibi. Na Bibi, Mungu amjalie, alikuwa na moyo wa huruma uliozidi kipimo. Mama akishapinda tu kona, Bibi alinivuta mapajani. "Njoo, mke mwenzangu. Hawa wa hospitali wamekosea, na mama yako amekosea pamoja nao." Akaitoa plasta taratibu kwa mafuta, akaihamishia jicho lililoshonwa. Mchana kutwa nikacheza, nikakimbia, nikatambua paka na kikapu bila taabu. Jioni, kabla mama hajarudi, Bibi aliirudisha mahali pake na kunibusu. Mimi nilinyamaza. Nani angesema? Ilikuwa raha.

Tuliporudi kliniki daktari alinipima, akanipima tena, akaandika, akakaa akikuna kichwa kwa kalamu. Jicho halikuwa limejifunza kitu. Mama aliyekuwa amesimama aliketi. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona hivyo, nikaogopa kuliko nilivyoogopa sindano.

"Unamfunga kila siku?"

"Kila siku, Daktari. Naapa."

Daktari aliniinua kidevu kwenye mwanga. Akapitisha kidole kuzunguka jicho la kushoto, ambapo gundi ya plasta ilikuwa imechubua ngozi. Akakipitisha na kuzunguka la kulia. "Na huku kumechubuliwa na nini?"

Walinitazama wote wawili. Nikasema kweli, kwa fahari kabisa. "Bibi huwa anaisahihisha."

Nyumbani mama hakuvua hata viatu. Alimkuta Bibi anachambua mboga, akasimama mbele yake. "Mama, umemfanya nini mwanangu?"

Bibi hakukana. Aliweka sinia chini, akainua kichwa. "Nimemtendea haki. Nimeishi miaka yote hii, sijaona mtu amevunjika mguu wa kulia akafungwa bandeji mguu wa kushoto, akaambiwa haya, tembelea uliovunjika! Umeona wapi? Mtoto anajigonga, anatoka manundu, wewe unatazama! Ulitaka nikae kimya?"

Wakapeana vidonge vyao mpaka majirani wakazima redio wasikie vizuri. Baba Mkubwa aliitwa, akaja na kikohozi chake. Hukumu yake ikawa fupi: alisema tangu mwanzo, hakusikilizwa, sasa jicho limekataa, mtoto ateswe kwa faida gani? Plasta iachwe. Baba mwenyewe amekubali kwa simu.

"Amekubali nini?" mama akauliza. "Yeye yuko mpakani na lori. Nitampigia mimi. Na nyie kama mnataka kukaa kikao kaeni, viti vipo. Mwanangu kesho anakwenda kazini na mimi, na plasta yake iko palepale. Jicho halijakataa. Jicho halijaanza!"

Alimpigia baba siku ileile. Sikusikia upande wa pili, nilimsikia yeye tu akisema, "Basi wewe endesha gari, mimi nishike huku." Baba hakuingilia tena, na mpaka leo husema huo ndio uamuzi wake bora katika ndoa.

Hivyo nikarudi kwenye mkeka wa barazani. Watu walidhani mama hatathubutu kunirudisha, baada ya yaliyotokea pale. Walimshauri hata msharasi ule autupe, una mkosi. Aliutazama, akaupigilia kwenye kizibo, akaupandisha kwenye rafu ya juu nisikoweza kufika, na akihitaji kutoboa aliushusha akatoboa. "Chuma hakina kosa," alisema. Kisha akauambia msharasi wenyewe, "Deni lako utanilipa kwa kazi."

Mimi alinipa kazi ya kamba. Kupitisha kamba kwenye matundu ya viatu vilivyokwisha, kwa jicho la kulia, plasta imeziba la kushoto. Mwanzoni matundu nilikuwa nayapapasa kwa vidole, siyaoni. Nilitokwa machozi yakalowanisha plasta. Wapita njia walinionea huruma kwa sauti. Mama mmoja aliyevaa vizuri alisimama akasema hadharani kwamba kuna wazazi wanaostahili kushitakiwa. Mama alimtazama kuanzia utosini mpaka chini. "Kisigino chako cha kulia kinalegea, mama. Kaa nikigonge, ukienda kunishitaki ufike salama." Yule mama akakaa kweli. Akagongewa, akaondoka bila kusema kitu.

Siku moja niliibandua plasta, nikaitupa mtaroni. Nikamwambia mama namchukia. Nilimaanisha, kwa moyo wote wa mtoto, na baraza likatega sikio kusikia atasema nini. Alichukua plasta mpya, akaikata kwa mkasi wake wa ngozi.

"Nichukie," akasema. "Lakini utanichukia kwa macho mawili."

Akaibandika.

Mwenye akili ni mama, kwa sababu alijua kugombana na Bibi hakutamsaidia. Kliniki iliyofuata alimchukua, akamketisha mbele ya daktari, na yeye akatoka nje. Daktari akaeleza ubongo, akaeleza mazoea, Bibi anatikisa kichwa tu. Mwisho Bibi akamkatiza.

"Ngoja, mwanangu. Unasema hili zima linakula kazi yote, mwenzake halimwachii hata kidogo?"

"Ndiyo, bibi. Ndivyo hasa."

"Basi ni choyo!" Bibi akanigeukia, akalitolea macho jicho langu la kushoto kana kwamba limemwibia. "Mbona hamkusema tangu mwanzo?"

Kuanzia siku ile Bibi ndiye aliyekuwa askari. Alikuja barazani kwa miguu, akakaa kwenye sanduku, na nikipeleka tu kidole kwenye plasta alinipiga kofi la mkononi. Wapita njia wakianza huruma zao, mama hakuhitaji tena kuinua kichwa. "Pita," Bibi aliwaambia. "Tunamfunga mchoyo huyo, mwenzake ale." Waliondoka wakiamini familia nzima imeharibikiwa.

Miezi ikapita. Nikaanza kuona kwamba matundu ya viatu yana vyuma pembeni. Kisha nikaona kamba za rangi ya kahawia si sawa na nyeusi. Sikumwambia mtu, nilidhani ni viatu vilivyobadilika.

Siku ya kupimwa walikuja wote. Hata Baba Mkubwa alikuja, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Daktari alikuwa amemwambia mama ukweli: kama leo hakuna mabadiliko, plasta itaachwa, na jicho litabaki kama lilivyo maisha yote. Mama alikaa ukutani chini ya chati, mikono imebana magoti. Chati ile ni ya alama yenye meno matatu. Unaonyesha kwa mkono meno yanaelekea wapi. Plasta juu ya jicho zima, miwani juu yake.

Alama kubwa, nikaonyesha chini. Sawa. Ya pili, juu. Sawa. Ya tatu, Bibi nyuma ya daktari akaanza kuelekeza kwa mkono wake.

"Bibi, tafadhali," daktari akasema bila kugeuka.

"Nilikuwa najikuna."

Ya nne nikapata. Mstari uliofuata nikakosa mbili. Uliofuata huo niliona vumbi tu. Niliona wote wanasubiri niseme kitu, na chati ilikuwa imeniishia, kwa hiyo nikateremsha macho, nikasema nilichokiona.

"Mama, kiatu chako kimefungua mdomo."

Alitazama chini. Soli ya kushoto ilikuwa imeachia mbele, na nyuzi zimening'inia. Fundi wa mtaa mzima, na miezi yote ile hakuwahi kutazama miguu yake.

"Kwa jicho lipi?" Baba Mkubwa akauliza kutoka mlangoni, sauti imepanda. "Ameona kwa jicho lipi?"

Daktari alikuwa anazungusha kalamu yake na kutabasamu, Bibi analia wazi bila kujificha, na mama ameinama ameshika kiatu kwa mikono miwili kama mtu aliyeletewa kazi. Alipoinuka uso ulikuwa umelowa, lakini sauti ilikuwa yake ileile.

"Bado hajamaliza," alimwambia daktari. "Niandikie plasta nyingine."

Tulitoka pale tukaenda moja kwa moja barazani. Akakaa kwenye kisanduku chake mguu mmoja peku, akaushusha msharasi kutoka kwenye rafu, akauchomoa kwenye kizibo. Mimi akanipa uzi niupake nta. Alitoboa, akavuta, na alipofika mwisho akalizamisha fundo ndani, kisha akanigeuzia kiatu.

"Litafute."

Nikalitafuta kwa jicho la kulia, pole pole, mshono mzima.

"Silioni," nikasema.

"Vizuri," mama akasema, akakivaa.